Nyenje wa Katikati

Dada Rehema alinipigia simu Jumapili moja mwezi uliopita, nikiwa nimetoka misa ya kwanza na nimeketi mlangoni napepeta mchele. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule, ingawa kila Krismasi alinitumia salamu na kila Idi nami nilimtumia zake. Hakuanza na habari za nyumbani. Aliuliza, "Desi, mwanzi wako bado upo?" Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka, kuku wa jirani wakafaidi. Mwanzi ulishaoza zamani, na siku hizi mkate wangu ni cherehani, si kuzunguka chini ya miti. Lakini aliponiambia nisikilize, nilikwenda nyuma ya nyumba kusikokuwa na redio, nikabana simu sikioni. Mwanafunzi wake, maana sasa yeye ndiye mwalimu, alikuwa amepita kwenye mitiki ya barabara ya Mang'ula akarekodi sauti ya nyenje. Niliisikia ikianza kwa kukatakata, kisha ikanyooka, ikapanda, ikazimika. Nilikalia ndoo iliyokuwa pale. Akauliza ninasemaje. Nikamwambia sisemi kitu mpaka nisimame chini ya mti. Akasema hilo ndilo jibu alilolitaka, na kwamba anakuja.

Sitarudia hapa habari za wazazi wetu. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na chini yangu walikuwapo Sabina na Kaspari, wote wakiwa bado shule ya msingi. Matanga yalipokwisha, baba mdogo alikaa nasi uani akasema, kwa upole wake uleule, kwamba msichana mmoja hawezi kulea watoto wawili kwa kuuza vitumbua. Sabina angekwenda Mahenge kwa shangazi, Kaspari angekwenda kwake. Nilimwambia hapana. Hakukasirika. Alisema atarudi Pasaka. Akinikuta na kazi ya kueleweka, watoto wanakula na wanasoma, atawaacha. Akikuta vingine, atakuwa amekuja na mabegi. Kuanzia siku ile Pasaka ilikoma kuwa sikukuu kwangu. Nikipita mbele ya kanisa nilikuwa naiona kama mtu amesimama mlangoni ananisubiri.

Tuliishi Kibaoni, pale Ifakara, chumba cha nyuma katika nyumba ya Mama Onorina, nyumba ya ukumbi katikati na vyumba pande mbili, isiyo na dari. Aliyekohoa chumba cha mbele alipewa pole na wa chumba cha nyuma. Joto la kabla ya mvua lilipoanza, dada Rehema akaja na masanduku yake, mgeni kutoka Tanga, mwanafunzi wa chuo kikuu, akapanga vyumba viwili vya mbele. Siku hiyohiyo alimwuliza mwenye nyumba kama anamjua mtu wa kumpikia, asiyeogopa wadudu. Mama Onorina akaniita nikiwa na unga mikononi. "Huyu hapa," alisema. "Anamwogopa baba yake mdogo tu."

Nilidhani kazi ni kupika. Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo kweli, asubuhi wali uliolala, mchana wali, na perege au kambale kutoka sokoni. Lakini chumba chake cha mbele kilinivuta. Alikuwa ameweka meza chini ya dirisha, juu yake kuna taa, kioo cha kukuzia, kinasa sauti chenye nyaya, na sanduku bapa lenye sifongo ambamo alipanga nyenje kwa pini. Nyenje nilikuwa nawajua kama kila mtu anavyowajua, mdudu anayepiga kelele mitini wakati wa joto na kuacha ganda lake kavu limeng'ang'ania gome. Sikuwa nimewahi kumtazama hata mmoja. Siku aliyonikuta nimesimama na sahani mkononi, nimeinamia sanduku, nilifikiri atanifukuza. Badala yake alivuta kiti. Alinionyesha dume, akanionyesha pembeni mwa tumbo ngozi mbili ndogo zinazobonyea na kufutuka kama kifuniko cha kopo ukikibonyeza, na akasema kelele zote zile zinatoka pale. Jike haimbi. Jike anasikiliza, naye huufuata wimbo wa kabila lake tu, hata kama dume wa kabila lingine amekaa tawi lilelile. Ndiyo maana, alisema, anayetaka kumjua nyenje lazima awe na vitu viwili vya mdudu mmoja, sauti yake na mwili wake. Ukiwa na kimoja tu unabahatisha. Niliporudi jikoni wali ulikuwa umeshaungua.

Alikuwa na makabila mawili. Wa bonde, anayekaa mijini na mashambani, alikuwa wa kahawia mwenye madoadoa kama gome, na alilia kwa kukatakata, kama cherehani ya fundi asiyejua kukanyaga sawasawa. Wa mlimani, anayeteremka kutoka msitu wa Udzungwa, alikuwa wa kijani, na sauti yake ilinyooka na kupanda polepole, kama mashine ya kukoboa mpunga ukiisikia kwa mbali. Kule ambako mlima na bonde vinakutana, watu walipanda mitiki. Na humo ndani ya mitiki dada Rehema alikuwa amesikia sauti ya tatu, iliyoanza kama cherehani ikamalizia kama mashine. Alitaka kujua ni ya nani. Huenda ni kabila la tatu ambalo hakuna aliyelitaja. Huenda ni chotara, watoto wa wa bonde na wa mlimani. Neno hilo nililijua kwa sababu ya mahindi. Mama Onorina alilipenda kupita kiasi. Kila tulipotoka asubuhi kwa pikipiki, dada Rehema akiendesha na mimi nyuma na mizigo, alituuliza kutoka barazani kama leo tunakwenda kufungisha ndoa au kutafuta watoto wa nje.

Shida ilikuwa urefu wa mitiki. Wavu wake ulifika nusu tu. Nikamwambia kwetu tukienda kuamia mpunga, yaani kukaa shambani kufukuza ndege wasiumalize, tunawanasa kwa ulimbo. Alinitazama, akaniambia niufanye. Utomvu wa fenesi niliuchemsha na mafuta kidogo ya mawese ili usikauke juani, nikauzungushia ncha ya mwanzi mrefu, nikaufunika kwa jani la mgomba. Tulisimama barabarani mahali petu pa kila siku, ubavu kwa ubavu, yeye ameelekeza kinasa sauti chake juu na mimi nimeinua mwanzi wangu. Sauti ilipokwisha alinigusa bega, nami nikaupeleka mwanzi kwenye tawi ninaloliona lina mdudu. Tulirudi na nyenje wenye utomvu miguuni na mgongoni. Kuwasafisha ilikuwa kazi yangu, jikoni, kwenye kigoda. Kila aliyewahi kupasua fenesi anajua utomvu wake hausikii maji wala sabuni, unatoka kwa mafuta. Nikachovya kitambaa katika mawese, nikawafuta mmojammoja kwa uangalifu kuliko ninavyosafisha vyombo, nikawapanga kwenye sahani, nikampelekea.

Na humo ndimo walimotokea wa katikati. Katika sanduku kulikuwa na safu ya kijani, safu ya kahawia, na sasa safu ya tatu, ya wadudu ambao si kijani kamili wala si kahawia kamili, wana rangi ya majani ya chai yaliyolowa. Dada Rehema alikuwa akikaa mbele ya safu ile mpaka chai inapoa. Alinifundisha kutazama pembe za kichwa, mishipa ya mabawa, mstari wa mgongoni. Alipoona jambo alilofurahia alikuwa akinipa kioo bila kusema, ili nilione mwenyewe. Sidhani kama nimewahi kufurahi hivyo mbele ya kitu kidogo namna ile. Nilikuwa nikilala nawaza jinsi jike wa mlimani alivyoshuka, akasikia cherehani, akasema huyuhuyu.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuwapenda wale wa katikati. Alasiri moja nilikuwa nashona sare ya Kaspari chumbani, nikamsikia dada Rehema kupitia juu ya ukuta akiongea kwenye simu na mwalimu wake. Alisema kama chotara wapo kweli, chuo kitampa msimu wa pili, atabaki Ifakara hadi mwaka unaofuata. Halafu akasema kama hawapo, hakuna cha kubakia, atafunga masanduku Februari. Sindano ilisimama mkononi. Sabina, aliyekuwa akifanya hesabu sakafuni, alisikia pia. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, Februari ni kabla ya Pasaka?" Nikamwambia amalize hesabu zake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Tulikula sote kwenye chumba cha mbele, kwa kuwa dada Rehema hakupenda kula peke yake, mkeka ukiwa umefunikwa kitambaa cha kijani alichokuja nacho kutoka kwao. Perege niliwapika kwa mawese. Kaspari alikuwa anasimulia mpira wa shuleni kwa mikono miwili, akapiga bakuli, mchuzi ukamwagika. Nikafuta haraka, nikainua kona ya kitambaa kuangalia kama doa limebaki. Lilikuwa limebaki. Kijani kilikuwa kimegeuka rangi ya majani ya chai yaliyolowa. Nilikitazama kitambaa kile, nikatazama sanduku mezani, nikarudi kwenye kitambaa. Dada Rehema wakati huohuo alikuwa akisema jambo lililokuwa likimsumbua tangu juzi, kwamba wa katikati wote amewapata tangu tulipoanza kufikia juu zaidi mitini kwa mwanzi, na kwa wavu hakupata hata mmoja, sasa je, chotara wanapenda kukaa juu? Alikuwa anauliza kweli, anataka mawazo yangu. Ningeweza kusema ndiyo, labda wanapenda juu. Neno moja tu. Watoto walikuwa wanakula. Nakumbuka nilimtazama Kaspari akinyonya mfupa wa samaki, na nikaona kwamba nikisema hivyo, kila nitakapoinamia lile sanduku nitakuwa natazama doa langu mwenyewe na kuliita mdudu.

"Dada Rehema," nilisema, "wale wa katikati niliwasafisha kwa mawese."

Aliweka chini tonge lake. "Wote?"

"Wote wa ulimbo."

Alinawa, akaenda mezani, akachukua nyenje wa kijani kutoka safu ya kwanza, aliyenaswa kwa wavu, akaniomba kitambaa changu cha jikoni. Nilikileta. Tulimpaka mgongo na mabawa tukamweka dirishani, tukakaa tukimtazama, na watoto nao wakaacha chakula wakaja. Jua lilipokuwa linateremka alikuwa ameshahamia safu ya tatu. Sabina akaanza kulia, maana yeye alijua hesabu ya miezi. Dada Rehema alidhani analilia mdudu. Alimshika kichwa, akaniambia mimi kwamba kosa ni la aliyepokea sahani kila siku asiulize imeoshwaje, na kwamba kama ningenyamaza angekwenda kusimama mbele ya walimu wake na sanduku la mchuzi. Kisha akacheka, na sisi tukacheka, ingawa si kwa muda mrefu. "Bado tuna sauti," alisema. "Sauti haipakwi mafuta."

Sauti hiyo niliishikilia kwa mikono yote. Kesho yake, baada ya misa, tulikwenda mitikini bila mwanzi. Yeye ndiye aliyefikiria. Alisema kila siku tunasimama pamoja, mahali pamoja, na mitiki imepandwa kwa mistari, kwa hiyo miti miwili iliyofuatana kwetu ni kama mti mmoja. Alibaki barabarani, akanituma mimi nizunguke mpaka pembe nyingine ya shamba, mbali lakini tunaonana. Kila mmoja anyooshe mkono kwenye mti ambako sauti inatoka, asiangalie wa mwenzake mpaka mwisho. Tulisubiri kwenye joto. Ilipoanza ile cherehani nilinyoosha mkono, na nikamwona kwa pembe ya jicho amenyoosha wake. Ilipogeuka kuwa mashine, mkono wangu ulisogea wenyewe. Sikuutaka usogee. Ulihama mti mmoja kwenda mti wa nyuma yake. Tukarudia, tukarudia tena kwenye mistari mingine. Kila mara ni nyenje wawili, wa bonde akimaliza, wa mlimani anadakia, kama wanawake wanavyopokezana vigelegele harusini. Niliporudi barabarani sikuwa na haja ya kumwambia kitu. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki, kofia mkononi, anatazama juu. Nilitegemea huzuni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba anayoijua. "Lakini kwa nini anamsubiri mwenzake?" aliuliza. Njia nzima ya kurudi tulipigiana makisio, yeye mbele, mimi nyuma, upepo ukiyachukua nusu.

Aliondoka Februari kama alivyosema. Kodi ya vyumba vyake alikuwa ameshailipa mpaka katikati ya mwaka, akatuachia tukae, na ile meza akatuachia pia. Mama Onorina alilia kuliko sisi, akasema sasa hana mtu wa kumtania. Nami nikaenda Katindiuka, kwa Mzee Masanja, Msukuma aliyekuwa na mashamba makubwa ya mpunga, nikaomba kazi ya kuamia. Asubuhi nilikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege, peke yangu, na watoto walikuja baada ya shule, wakala huko, wakafanya kazi zao za shule huko. Hiyo ndiyo kazi aliyonikuta nayo baba mdogo.

Alikuja Alhamisi Kuu, amevuka mto kwa pantoni, na mabegi mawili matupu begani. Nilimwamkia shikamoo huku macho yangu yako kwenye mabegi. Aliuliza yule mgeni wangu yuko wapi. Nikamwambia ameondoka. Kwa nini? Kwa sababu tulichokuwa tunakitafuta hakikuwepo. Akauliza nani aliyegundua kwamba hakipo. Nikasema sisi wawili. Aliguna, akasema ni mara ya kwanza kusikia mtu amefanya kazi kwa bidii mpaka kazi ikaisha. Siku zile alizokaa nasi hakusema lolote juu ya watoto. Alikula, alikwenda Ibada ya Njia ya Msalaba nasi, alikagua madaftari ya shule ya Sabina na miguu ya Kaspari. Jumamosi alitufuata shambani. Nikiwa juu ya dungu napiga kelele za ndege nilimwona chini na Kaspari, na Kaspari anamweleza habari za nyenje kama mtu mzima, tangu mawese hadi kudakiana. Nyenje wa mwishomwisho walikuwa bado kwenye miti ya ng'ambo ya shamba, wa bonde watupu. Nikaona Kaspari anamkimbiza Sabina aende kusimama kwenye pembe ya mbali. Kisha baba mdogo wangu, mwanamume wa Mahenge aliyevaa koti kwenye jua lile, akanyoosha mkono juu ya mpunga na kufumba macho. Mkono wake ulihama kidogo kwenda kushoto. Alifumbua macho, akaangalia mkono wa Sabina uko wapi, na akapiga kelele kuniuliza mimi, kule juu, "Desi, sasa huyu na yule wanasikilizana?" Nikamwambia hatujui bado, baba. Akafumba macho tena.

Jumatatu ya Pasaka nilimsindikiza stendi. Nilikuwa nimefua nguo za watoto zote usiku wa jana yake, nimezikunja, nimeziacha juu ya ile meza, maana sikutaka waondoke na nguo chafu. Hakuzigusa. Alipanda basi na begi moja tu begani, na nikaona limetuna kidogo, kwa sababu jingine alikuwa amelikunja akalitia ndani yake. Kupitia dirishani alisema, "Krismasi nitakuja kula tu."

Sasa Sabina ana watoto wake, na ni bajaji ya Kaspari iliyotupeleka mitikini wiki iliyopita. Dada Rehema amenenepa na anavaa miwani, na mimi pia. Mitiki ile ya zamani ilikatwa, hii ni machipukizi yake, lakini mistari ni ileile. Yeye alibaki barabarani. Mimi nilizunguka mpaka pembe ya mbali, polepole kwa ajili ya magoti, nikageuka. Kaspari alizima bajaji. Tulisubiri mpaka jasho likaingia machoni. Cherehani ikaanza, nikanyoosha mkono kwenye tawi la chini la mti wa tatu, na yeye akanyoosha wake. Nikajisemea, subiri. Ikanyooka, ikageuka mashine, ikapanda. Nilikuwa nautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine. Haukuhama. Nikamtazama yeye. Wake pia ulikuwa palepale, kwenye tawi langu.

Sauti ilipozimika hakuna aliyeshusha mkono. Ni Kaspari aliyetoka kwenye bajaji, akavua viatu asije akakanyaga jani kavu, akafungua wavu mrefu wa dada Rehema na kuanza kunyata kuelekea kwenye ule mti. Alipofika katikati yetu alisimama, akageuka kunitazama, na bila kutoa sauti akaniuliza kwa midomo kama mawese nimeyaacha nyumbani.